Nalipa mkopo wa nyumba kwa kasi, lakini mwezi hauishi bila kukopa

SWALI

Hamjambo. Nina miaka 41, mama wa watoto wawili. Tunaishi Syokimau katika nyumba tuliyoinunua 2021 kwa mkopo wa benki ulio kwa jina langu. Riba ni asilimia 13.5, imebaki miaka 15, na kila mwezi nalipa 54,530.

Mshahara wangu ni 180,000 kabla ya makato. Hati ya mshahara ya mwezi huu inaonyesha NSSF 6,480, pensheni ya kazini 9,000 (mwajiri huongeza 9,000 zake), SHIF (bima ya afya) 4,950, ushuru wa nyumba nafuu 2,700 na PAYE (ushuru wa mshahara) 39,444. Mkononi napata 117,400. Mume wangu ana duka la spea za magari. Mwezi mbaya analeta 25,000, mwezi mzuri 80,000, lakini kwa wastani ni kama 45,000.

Matumizi yetu ni haya: mkopo 54,530, ada ya huduma za mtaa 4,500, chakula na gesi 32,000, mafuta ya gari na matatu 18,000, stima, maji na intaneti 9,500, yaya 15,000, gari la shule la mdogo 5,500, wazazi wa pande zote mbili 8,000, kanisa na michango 4,000. Karo sasa. Mkubwa ameingia Gredi ya 10 shule ya bweni, 53,554 kwa mwaka, inalipwa kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20. Mdogo analipiwa 28,000 kila muhula. Shule aliyotoka mkubwa ilikuwa karibu bei hiyo hiyo.

Juni mwaka jana nilisikia ukilipa benki zaidi ya marejesho unaokoa mamilioni, nikaanza kuongeza 15,000 kila mwezi. Sasa ni miezi 9. Salio la mkopo lilikuwa 4,262,000 nilipoanza, leo ni 4,200,000. Lakini kila tarehe 20 ikifika sina kitu, nakopa 15,000 kwa simu na kulipa ada ya 1,200. Akiba yetu ya MMF (mfuko wa soko la fedha) imeshuka kutoka 205,000 hadi 57,000.

Mume wangu anasema niachane na benki, hizo 15,000 niziweke kwa pensheni kwa sababu zinapunguza ushuru. Mwenzangu kazini anasema nisimamishe vyote mpaka mkubwa amalize shule. Nani yuko sawa?

Mama Wawili, Syokimau

JIBU

Mama Wawili, kabla ya kuamua kati ya benki na pensheni, tafuta kwanza zile 135,000 ulizokwisha kutuma. Deni lako halijaziona.

Tazama salio. Kwa riba ya 13.5, mkopo wa 4,262,000 unaolipwa 54,530 kila mwezi unapungua kwa takriban 62,000 katika miezi 9 bila senti ya ziada. Lako limepungua kwa 62,000 hizo hizo. Kama nyongeza yako ingeingia kwenye deni, leo salio lingekuwa karibu na 4,060,000. Kwa kawaida pesa za namna hii huwa zimekaa mahali pawili: ama kwenye akaunti ya kawaida ambayo benki hukata marejesho, zikingoja miezi ijayo, ama zimeandikwa kama marejesho yaliyolipwa mapema. Kote kuwili riba inaendelea kuhesabiwa kwa deni zima. Kwa 135,000 hiyo ni riba ya 18,225 kwa mwaka ambayo ulidhani umeikwepa.

Kosa hili hutokea kwa kuwa mfumo wa benki hausomi nia ya mteja. Ukituma pesa bila maagizo, zinangoja tarehe ya kukatwa. Anayetaka kupunguza deni huandikia idara ya mikopo ya nyumba, barua au baruapepe, akitaja namba ya akaunti ya mkopo, kiasi, na maneno haya: pesa hizi zipunguze deni la msingi, marejesho yabaki yalivyo, muda wa mkopo ndio ufupishwe. Usipotaja muda, benki nyingine hupunguza marejesho na kuacha miaka ile ile, na hapo sehemu kubwa ya faida imepotea. Soma pia barua ya ofa uliyotia sahihi 2021, kipengele cha kulipa kabla ya wakati. Huko ndiko kunakoandikwa kama kuna ada, kama lazima utoe notisi, na kama kuna kiwango cha chini wanachokubali kwa mara moja. Ikiwa hawapokei vijisehemu vidogo vya kila mwezi, zikusanye ulipe kila robo mwaka.

Lakini zile 135,000 hatutaki uzipeleke kwenye deni sasa. Kama bado ziko kwenye akaunti iliyo kwa jina lako, zitoe uzirudishe MMF. Kama zimeandikwa kuwa marejesho ya mapema, omba benki izirejeshe. Wakikataa, basi ziingie kwenye deni la msingi kwa barua ile tuliyoitaja.

Kwa nini kuzirudisha? Jumlisha matumizi uliyoandika, ni 151,030. Karo ya watoto wawili kwa mwaka ni 137,554, sawa na 11,463 kwa mwezi. Mapato yenu kwa wastani ni 162,400. Ukiondoa vyote, unabaki na upungufu wa shilingi 93. Nyumba yako inafunga hesabu kwa sifuri, haina 15,000 za ziada, wala haijawahi kuwa nazo. MMF imepungua kwa 148,000 katika miezi 9. Ulichotuma benki ni 135,000, na ada za mkopo wa simu ni 10,800. Ulikuwa unahamisha akiba yako kuipeleka mahali isikofanya kazi, halafu unakopa kwa asilimia 8 kwa mwezi ili kulipa deni la asilimia 13.5 kwa mwaka. Hiyo ada ya 1,200 ndiyo pesa ghali kuliko zote nyumbani kwako.

Kwa hiyo mwezi huu lipa mkopo wa simu kutoka MMF, 16,200 pamoja na ada, na agizo la 15,000 kwa benki lisimamishwe siku hiyo hiyo. Ukifanya moja bila jingine, tarehe 20 utarudi pale pale.

Sasa tuingie kwenye hati yako ya mshahara, maana humo kuna pesa ambazo hukuziuliza. Tumeihesabu PAYE yako upya. Ukitoa NSSF, pensheni, SHIF na ushuru wa nyumba kwenye 180,000, kipato kinachotozwa kinabaki 156,870. Shilingi 24,000 za kwanza ni asilimia 10, 8,333 zinazofuata ni asilimia 25, zilizobaki asilimia 30, toa nafuu ya 2,400, unapata 39,444 kamili. Maana yake mwajiri wako hajakupa punguzo la riba ya mkopo wa nyumba. Tangu 27 Desemba 2024 sheria inaruhusu hadi 30,000 za riba kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka, ziondolewe kwenye kipato kabla ya ushuru kwa mtu anayeishi katika nyumba aliyoinunua kwa mkopo wa benki. Wewe unalipa riba ya 47,250 kwa mwezi, kwa hiyo unastahili kikomo chote. Asilimia 30 ya 30,000 ni 9,000. PAYE yako inapaswa kuwa 30,444, na mkononi upate 126,400.

Omba benki hati ya riba uliyolipa kwa mwaka, ambatanisha barua ya ofa, peleka kwa wanaoandaa mishahara na uwaombe waingize punguzo hilo kwenye PAYE ya kila mwezi. Kwa miaka iliyopita, punguzo hudaiwa kwenye ritani ya iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru KRA, kwenye sehemu ya riba ya mkopo wa nyumba, na utahitaji PIN ya benki. Ritani ya 2025 mwisho wake ni 30 Juni 2026. Ikiwa bado hujaijaza, kikomo cha 360,000 kinakurudishia 108,000. Ritani ya 2024 unaweza kuirekebisha. Mwaka huo kikomo kilikuwa 300,000, kwa hiyo ni 90,000, iwapo mshahara wako wa wakati huo ulikuwa karibu na wa sasa. Sheria inakubali marekebisho hadi miaka 5 nyuma. Marejesho ya KRA hayana haraka, na ofisa anaweza kukuitisha taarifa za akaunti za kila mwaka unaoudai, basi zitafute mapema na usiipangie kazi pesa ambayo haijaingia. Punguzo hili ni la nyumba moja unayoishi. Siku mkihama na kuipangisha, linakoma.

Sehemu ya pili ni riba yenyewe. Unasema ni 13.5. Kiwango cha Benki Kuu kilishuka kutoka asilimia 13 katikati ya 2024 hadi asilimia 9 Desemba 2025. Mikopo ya riba inayobadilika pia imehamishiwa kwenye utaratibu wa KESONIA, yaani wastani wa riba ambayo benki hukopeshana kwa usiku mmoja, pamoja na nyongeza ya benki: mipya tangu Desemba 2025, ya zamani ilitakiwa iwe imehama kufikia mwisho wa Februari 2026. Uliza kwa maandishi mkopo wako sasa unahesabiwaje, KESONIA ni ngapi, na nyongeza yao ni asilimia ngapi. Wakikushusha hadi 12.5, marejesho kwa miaka 15 yatakuwa 51,770 hivi, nafuu ya karibu 2,760 kwa mwezi. Usiile. Waambie waendelee kukata 54,530, na mkopo utaisha karibu miaka miwili mapema bila kugusa bajeti ya chakula. Hii ndiyo nyongeza ya benki tunayoiona inafaa kwako kwa sasa. Wakikataa kushusha, ulizia benki nyingine kuhusu kuhamisha mkopo, pamoja na mikopo inayofadhiliwa kupitia KMRC, kampuni inayozipa benki fedha za mikopo ya nyumba, ambayo riba yake ni ya tarakimu moja. Weka gharama za wakili, uthamini na kusajili upya hati kwenye hesabu kabla ya kushawishika.

Ukishapata punguzo la ushuru, upungufu wa shilingi 93 unageuka kuwa ziada ya 8,900 hivi kwa mwezi. Hiyo ndiyo pesa ya kugombaniwa na benki, pensheni na nyumba. Si 15,000.

Karo isiwe tena mshangao. Siku ya mshahara, 11,463 ziende kwenye akaunti yake pekee. Muhula wa pili unaoanza mwishoni mwa Aprili unadai 16,066 za mkubwa na 28,000 za mdogo, jumla 44,066. Mkianza mwezi huu mtakuwa na takriban 22,900, na pengo la kama 21,000 litoke MMF. Baada ya hapo akaunti inakaribia kujitosheleza: Agosti inadai 38,711 na Januari 54,777, ambayo ndiyo kubwa. Sare, godoro na nauli za bweni hukuziandika. Mkizisahau, ndizo zitakazokurudisha kwenye simu.

Akiba ya dharura ije kabla ya pensheni na kabla ya benki. Ukilipa mkopo wa simu, ukarudisha 135,000, na ukaziba pengo la karo, MMF itakuwa na kama 155,000. Mkopo, ada ya mtaa, chakula na stima kwa miezi mitatu ni 300,000. Pelekeni 8,900 zote huko, pamoja na chochote KRA itakachorudisha, mpaka ifike. Faida ya MMF hukatwa ushuru wa zuio wa asilimia 15, kwa hiyo haishindi riba ya mkopo, na haihitaji kushinda. Kazi yake ni kulipa marejesho mwezi ambao duka limelala au mshahara umechelewa. Mwenzako wa kazini yuko sawa hapa tu. Kusimamisha vyote kwa miaka mitatu, hapana, kwa sababu mchango wako wa 9,000 ndio unaoleta 9,000 za mwajiri.

Akiba ikijaa, ndipo swali lako la asili linaanza, na jibu lake halifanani na ulivyosikia. Ni kweli 15,000 za kila mwezi zingefuta mkopo wako kwa miaka 8 na nusu badala ya 15, na kuokoa riba ya milioni 2.7. Hesabu hiyo iko sahihi. Kinachosahaulika ni ushuru wa pande zote mbili.

Upande wa pensheni, sheria inakuruhusu kuchangia hadi 30,000 kwa mwezi bila kutozwa, NSSF ikiwemo. Umetumia 15,480, nafasi iliyobaki ni 14,520. Ukiomba mchango wa hiari wa 12,700 ukatwe kwenye mshahara, mkononi utapungukiwa na 8,900 tu. Lazima ukatwe kazini kabla ya ushuru. Ukiipeleka mwenyewe baada ya mshahara kuingia, utangoja ritani ya mwaka ujao. Na tangu mabadiliko yale yale ya Desemba 2024, mafao ya mpango uliosajiliwa hayatozwi ushuru ukistaafu kwa umri uliowekwa kwenye kanuni za mpango.

Upande wa benki kuna mstari mmoja wa kukumbuka: salio la 2,667,000. Juu ya hapo, riba yako ya mwezi inazidi 30,000, kwa hiyo kila shilingi unayopunguza inakuokolea asilimia 13.5 nzima, maana ile riba ya ziada haikuwa na punguzo lolote. Chini ya hapo, kila shilingi ya riba unayoikwepa inapunguza pia punguzo lako la ushuru, na faida halisi inashuka hadi asilimia 9.45. Kwa marejesho ya kawaida utaufikia mstari huo baada ya miaka 9.

Tukiweka vyote pamoja, 8,900 zilizopelekwa kwenye deni leo zinashindana na 12,700 zilizopelekwa pensheni leo, na pensheni inahitaji kupata takriban asilimia 10 kwa mwaka baada ya ada, kwa miaka 15, ili zitoshane. Ni karibu sare. Benki ikishusha riba, pensheni itahitaji faida ndogo zaidi ili ishinde. Mpango wako ukiwa na ada kubwa au umekuwa ukitoa asilimia 6 au 7, benki inashinda. Mwombe mdhamini wa mpango kiwango kilichowekwa kwenye akaunti yako kwa kila mmoja wa miaka 5 iliyopita. Mwaka mmoja mzuri hausemi kitu.

Sisi tungechagua hivi: marejesho yabaki 54,530 hata riba ikishuka, na 8,900 ziende pensheni kama mchango wa 12,700. Mume wako yuko sawa, ila kwa pesa ndogo kuliko alivyodhani, na baada ya akiba. Ubaya wa pensheni ni kwamba pesa zimefungwa. Lakini ulizolipa kwenye deni nazo zimefungwa. Hakuna benki itakayokurudishia karo kwa kuwa ulilipa haraka.

Yeye mwenyewe je? Hukutaja kama ana pensheni. Kama duka linalipa ushuru wa mauzo, ule wa asilimia 3 kwa biashara za kati ya milioni 1 na 25 kwa mwaka, ushuru huo unahesabiwa kwa mauzo ghafi, na mchango wake wa pensheni haumpunguzii hata senti. Ndiyo maana pesa ya familia inayokwenda pensheni inafaa ipitie kwenye hati yako ya mshahara kwanza, mpaka ujaze 30,000. Pensheni hiyo itakuwa kwa jina lako peke yako, na nyumba pia iko kwa mkopo wa jina lako, kwa hiyo mkae mzungumze wazi. Jaza fomu ya warithi wa mpango upya, ile uliyojaza ulipoajiriwa huenda bado ina jina la mzazi. Hakikisha pia bima ya mkopo inakuhusu wewe kwa deni zima. Na kwenye mwezi wa 80,000, zinazozidi 45,000 zibaki kwenye akaunti ya duka, ndizo zitakazojazia mwezi wa 25,000.